Simu Ipo, Programu Zipo, Majibu Hayaji: Utatuzi wa Matatizo ya Kutafuta Kazi kwa Simu Janja

Maombi thelathini yametumwa, simu iko kimya. Wengi wakifika hapo huanza kujilaumu: elimu haitoshi, uzoefu haupo, bahati imegoma. Mara nyingi kosa limekaa katikati, baina ya kidole chako na meza ya mwajiri. Arifa imezimwa, faili halisomeki, namba ya simu imepungua tarakimu moja, au barua ya kukuita kwenye usaili imelala kwenye folda ya taka. Ubaya wake ni kwamba makosa haya hayajitangazi. Kwa mwombaji, ombi lililopotea njiani halina tofauti na ombi lililokataliwa. Kagua njia kwanza, ndipo ujipime mwenyewe.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi ndiyo inayotangulia. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji, kwa hiyo usipoona kitu pale kilipotajwa, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Kabla ya yote, dakika tano

Zima simu kabisa uiwashe upya. Hakikisha tarehe na saa zinajiweka zenyewe kutoka kwenye mtandao. Saa ikikosea, kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti na utaambiwa tovuti si salama ilhali haina tatizo lolote. Angalia nafasi ya hifadhi: ikiwa imebaki chini ya gigabaiti 1, programu zinaweza kujifunga zenyewe na faili zisipakuliwe. Kisha sasisha programu ya kazi, kivinjari, na kwenye Android sasisha pia Android System WebView, kwa sababu programu nyingi za ajira hufungulia kurasa zao humo. Hatua hizi peke yake huondoa sehemu kubwa ya malalamiko ya "programu inagoma".

Dalili ya 1: Arifa za kazi hazifiki, au zinafika nafasi imeshafungwa

Tenganisha kwanza. Ifungue programu yenyewe utafute kazi uliyoiwekea arifa. Ukikuta matangazo mapya ambayo hukuarifiwa, kosa liko kwenye simu. Usipokuta kitu hata humo ndani, kosa liko kwenye namna ulivyoiandika arifa.

Kosa likiwa kwenye simu, fuata mpangilio huu:

1. Ruhusa ya arifa. Tangu Android 13, programu mpya lazima iombe ruhusa kabla ya kukutumia arifa, na wengi hubofya "Usiruhusu" kwa haraka siku ya kwanza. Nenda Mipangilio, Programu, chagua programu husika, kisha Arifa, uwashe. Ndani yake kuna aina kadhaa za arifa. Hakikisha ile ya kazi mpya na ile ya ujumbe kutoka kwa waajiri zote zimewashwa.

2. Udhibiti wa betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa huzilaza programu ili kuokoa chaji. Watengenezaji wengine wameongeza udhibiti wao mkali zaidi juu ya huo. Kwenye ukurasa huohuo wa programu fungua Betri uchague kutoiwekea vikwazo. Simu yako ikiwa na orodha ya programu zinazoruhusiwa kujianzisha zenyewe, iongeze humo. Kwenye iPhone, hali ya kuokoa chaji husimamisha usasishaji wa programu zilizo nyuma. Usiiache imewashwa siku nzima.

3. Kiokoa data. Kikiwa kimewashwa, programu haitumii mtandao mpaka uifungue. Ipe ruhusa ya kutumia data bila kikomo, yenyewe tu, ili kiokoa data kiendelee kuzibana nyingine na bando lisiteketee.

4. Programu kukaa muda mrefu bila kufunguliwa. Kuanzia Android 11, programu iliyokaa miezi bila kuguswa hunyang'anywa ruhusa zake, na kuanzia Android 12 hulazwa kabisa. Swichi ya kuzuia hilo iko chini ya ukurasa wa programu, kwenye sehemu ya programu zisizotumika.

Kosa likiwa kwenye arifa yenyewe, dawa ni kuiandika upya. Arifa moja yenye maneno matano, mji mmoja na kiwango cha mshahara itapitwa na karibu kila tangazo. Tengeneza arifa tatu hadi tano zenye majina tofauti ya kazi ileile. Anayetafuta kazi ya hesabu aweke "mhasibu", nyingine "karani wa fedha", nyingine "msaidizi wa hesabu", maana kila mwajiri huita kwa jina lake. Kama matangazo ya fani yako huandikwa kwa lugha zaidi ya moja, weka arifa kwa kila lugha. Chagua ziletwe kila siku. Arifa ya wiki huleta tangazo ambalo wenzako mia wameshaliomba. Washa pia nakala kwa barua pepe, ili njia moja ikifeli nyingine ibaki.

Dalili ya 2: Unatafuta, unaona matangazo yaleyale kila siku

Hapa karibu kila mara ni vichujio vya jana vilivyobaki vimewashwa. Vifute vyote, panga matokeo kwa tarehe badala ya ufanano, kisha ongeza kichujio kimoja kimoja. Angalia pia mahali: programu nyingi huchukua eneo kutoka kwenye GPS na kukufungia ndani ya kilomita chache. Ukiona tangazo zuri lenye tarehe ya zamani, nenda kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe uone kama bado lipo, maana tovuti za ajira hunakiliana na tangazo lililokufa huendelea kuzunguka.

Dalili ya 3: CV inakataa kupakiwa

Ujumbe wa kosa, ukitokea, usiufunge kabla ya kuusoma. Maneno yake hukuonyesha pa kuanzia.

*"Faili ni kubwa mno."* Tovuti nyingi huweka kikomo cha megabaiti chache tu. CV ya kurasa mbili iliyochapwa vizuri huwa kilobaiti mia kadhaa. Ikizidi hapo, ndani yake kuna picha: picha yako ya pasipoti iliyopigwa kwa kamera ya simu, au kurasa zilizopigwa picha. Ipunguze picha kabla ya kuiweka kwenye CV. Upana wa pikseli 400 unatosha. Vyeti vilivyoskaniwa viweke kwenye kijivu au nyeusi na nyeupe, kwa ukali wa nukta 150 hadi 200 kwa inchi. Maandishi yatasomeka na uzito utashuka sana. Kwa barua pepe, Gmail hukuruhusu kutuma viambatisho hadi megabaiti 25 kwa barua moja, lakini kiambatisho huvimba kwa takribani theluthi moja kinaposafiri, kwa hiyo usijaribu kukikaribia kikomo hicho. Na mpokeaji anaweza kuwa na kikomo kidogo kuliko chako.

*"Aina ya faili haikubaliki."* iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 hupiga picha za muundo uitwao HEIC, na baadhi ya Android zina chaguo hilohilo. Tovuti nyingi za ajira haziitambui. Kwenye mipangilio ya kamera chagua muundo unaokubalika zaidi, yaani JPEG, kisha upige upya. Kwa CV, badilisha Word iwe PDF kwa njia iliyomo ndani ya simu. Kwenye Android: fungua faili, gusa Chapisha, na mahali pa kuchagua printa chagua "Hifadhi kama PDF". Huhitaji kupakua programu ya kubadilishia mafaili. Nyingi kati ya hizo hupeleka CV yako, yenye anwani na namba yako, kwenye seva usizozijua. Tangazo likisema wazi kuwa linataka Word, toa Word.

*Hakuna ujumbe wowote, kitufe hakifanyi kitu.* Angalia umefungulia wapi. Ukigusa kiungo ndani ya Facebook, ukurasa unaweza kufunguka kwenye kivinjari kidogo kilicho ndani ya programu hiyo, na hapo kupakia faili au kuingia kwenye akaunti hugoma mara nyingi. Gusa vidoti vitatu pembeni, chagua kufungua kwenye Chrome au Safari. Ikigoma bado, kwenye menyu ya kivinjari chagua kuonyesha tovuti ya kompyuta.

*Inapakia, inafika asilimia fulani, inarudi mwanzo.* Huo ni mtandao. Jaribu Wi-Fi, au washa na kuzima hali ya ndege. Hakikisha pia faili liko kwenye simu yenyewe: lililoko Google Drive au iCloud hulazimika kupakuliwa kwanza ndipo lipakiwe, na mtandao dhaifu hukatika katikati.

Sababu ya mwisho, isiyotajwa popote kwenye ujumbe wa kosa, ni jina la faili. Nafasi nyingi, mabano, alama ya asilimia au herufi zenye alama juu yake huziangusha tovuti za zamani. Liite kwa jina lako, kistari, kisha CV. Basi. Faili linaloitwa "CV mpya final 3 (2)" pia huonekana hivyohivyo kwa anayelipokea.

Dalili ya 4: Ombi limetumwa, hakuna anayejibu

Hii ndiyo dalili inayowavunja watu moyo kuliko zote, basi ikague kwa utulivu, hatua kwa hatua.

*Kwanza, je, lilitumwa kweli?* Fungua sehemu ya maombi yako ndani ya programu. Hali ikiwa ni rasimu, hukumaliza: fomu nyingi zina ukurasa wa mwisho wa kukagua wenye kitufe cha kutuma kilichojificha chini kabisa, nyuma ya kibodi ya simu. Matangazo mengine hukupeleka kwenye tovuti ya kampuni, na programu ikahesabu kwamba umeomba kwa sababu tu uligusa kiungo. Ushahidi wa kweli ni barua pepe ya kuthibitisha au namba ya ombi. Piga picha ya skrini kila unapomaliza.

*Pili, majibu yanakwenda wapi?* Tafuta kwenye folda ya taka, kisha kwenye vichupo vya Matangazo na Taarifa vya Gmail. Usingoje, kwa sababu Gmail hufuta barua taka baada ya siku 30. Angalia na nafasi ya akaunti: gigabaiti 15 za bure hugawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha za Google. Zikijaa, barua mpya hazipokelewi, na mwajiri anarudishiwa ujumbe kuwa anwani yako haipokei. Mtu ambaye video nyingi za familia za simu yake huhifadhiwa kwenye Picha za Google anaweza kupoteza usaili kwa sababu hiyo bila kujua. Futa video kubwa humo, safisha na folda ya vitu vilivyofutwa, kisha ujitumie barua kutoka anwani nyingine uhakikishe inaingia.

*Tatu, anwani na namba yako ziko sahihi?* Soma barua pepe iliyo kwenye CV herufi kwa herufi. Kisha piga namba iliyo kwenye CV kwa simu ya mtu mwingine, ukiibofya kama ilivyoandikwa na si kutoka kwenye orodha ya majina. Iandike kwa msimbo wa nchi unaoanza na alama ya kujumlisha, hasa unapoomba kazi nje. Kagua pia ukurasa wa wasifu ndani ya programu. Huenda una namba ya laini uliyoiacha zamani, na waajiri wengi hutumia ile ya kwenye wasifu hata kama CV ina mpya.

*Nne, je, CV yako inasomeka na mashine?* Waajiri wakubwa hupitisha CV kwenye mfumo unaochomoa maandishi na kuyapanga kwenye visanduku: jina, elimu, uzoefu. Jaribio la kufanya kwa simu ni hili: fungua PDF, chagua yote, nakili, bandika kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu. Kama hakuna kinachonakilika, CV yako ni picha tu. Mfumo unaweza kuona ukurasa mtupu. Dalili nyingine ni uzito: kurasa mbili zenye megabaiti kadhaa kwa kawaida ni picha.

Kikibandikwa, soma mpangilio wake. CV ya safu mbili iliyotengenezwa kwa kiolezo cha kupendeza huweza kutoka hivi:

"Uzoefu wa kazi Ujuzi Karani wa ghala, 2019–2022 Excel Kampuni ya usafirishaji Udereva wa forklifti"

Safu ya kushoto imeingiliana na ya kulia. Kwa jicho lako CV ni nzuri. Kwa mfumo, "Excel" ni jina la mahali ulipofanya kazi. Iandike upya kwa safu moja, bila majedwali, bila visanduku, bila nyota za kupima ujuzi. Namba ya simu usiiweke kwenye kichwa cha ukurasa, yaani ile sehemu inayojirudia juu, kwa sababu mifumo mingine huiruka. Tumia vichwa vya kawaida: Elimu, Uzoefu wa Kazi, Ujuzi. Na maneno ya tangazo yatumie kama yalivyo pale yanapokuhusu kweli. Tangazo likisema "usimamizi wa ghala" na wewe umeandika "kutunza stoo", mfumo unaotafuta maneno hautakuona.

*Tano,* mfumo ulijaza fomu vibaya kutoka kwenye CV na wewe ukabofya "Endelea". Kila kisanduku kilichojazwa chenyewe kisome. Tarehe na majina ya waajiri ndivyo huvurugika zaidi.

Ukishavuka hatua zote tano na kila kitu kiko sawa, sasa tatizo si la simu. Hapo mpe CV mtu wa fani yako, au mshauri wa ajira wa chuo ulichosoma, aisome. Kuibadilisha programu hakutasaidia.

Dalili ya 5: Fomu inajifuta katikati

Umejaza kurasa nne, ukatoka kwenda kunakili namba ya cheti kwenye programu nyingine, ukirudi ukurasa umeanza upya. Simu yenye kumbukumbu ndogo imekifunga kivinjari ili kupisha ile programu ya pili. Sababu ya pili ni muda: tovuti nyingi hukutoa ukikaa bila kutuma kitu.

Majibu marefu yaandike kwanza kwenye programu ya kumbukumbu, kisha ubandike. Kabla ya kuanza, funga programu nyingine zote, na weka pembeni kwenye karatasi namba za vyeti, tarehe na anwani za wadhamini. Kila ukurasa ukimalizika, gusa kitufe cha kuhifadhi kama kipo. Fomu ndefu za taasisi kubwa, zenye kurasa kumi na zaidi, ni afadhali uzijaze kwenye kompyuta. Siku hiyo simu itumie kupokea namba ya uthibitisho tu. Ukitumia kompyuta ya umma, fungua dirisha fiche (incognito), toka kwenye akaunti, na futa CV uliyoipakua.

Dalili ya 6: Namba ya uthibitisho haifiki

Kagua msimbo wa nchi: fomu nyingi hujaza nchi yenyewe, na ukiandika sifuri ya mwanzo baada ya msimbo, ujumbe huenda usifike. Tazama folda ya ujumbe taka ndani ya programu ya SMS. Usibofye "Tuma tena" mara tano. Kwa kawaida kila namba mpya huifuta iliyotangulia, na ukizidisha tovuti hukufungia kwa muda. Bofya mara moja, subiri dakika kadhaa, tumia iliyofika mwisho. Washa hali ya ndege kisha uizime. Kama simu ina laini mbili, hakikisha laini uliyoisajili ndiyo yenye mtandao.

Namba za programu ya uthibitishaji hubadilika kila sekunde 30 na hutegemea saa ya simu. Zikikataliwa zote, rudi kwenye tarehe na saa.

Simama hapa ikiwa laini imepoteza mtandao ghafla kabisa, na jirani yako wa mtandao uleule anapata. Huenda namba yako imehamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine. Wasiliana na kampuni ya simu na benki saa hiyohiyo kwa simu ya mtu mwingine.

Dalili ya 7: Mwajiri anasema alikupigia, wewe hukuona

Waajiri hupiga kwa namba usizozihifadhi, na simu za leo zimefundishwa kuzishuku namba hizo. iPhone tangu iOS 13 ina swichi ya kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Kwenye Android, angalia kichujio cha simu taka na orodha ya namba zilizozuiwa. Angalia hali ya Usinisumbue: wengi huiwekea ratiba ya usiku ikaendelea hadi asubuhi, au huruhusu watu walio kwenye orodha ya majina pekee. Programu za kutambua wapigaji nazo hukata zenyewe zikiona namba imelalamikiwa. Kipindi hiki cha kutafuta kazi, zizime zote, uvumilie simu chache za usumbufu.

Kisha angalia uelekezaji wa simu. Kwenye mitandao mingi, kubofya *#21# huonyesha kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na ##002# hufuta maelekezo yote. Lipo jambo la kujihadhari nalo hapa. Mtu anayejiita afisa ajira akikuomba ubofye *21* ikifuatiwa na namba fulani, anaelekeza simu zako kwake ili apokee yeye namba za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti. Kata.

Dalili ya 8: Usaili wa video unaharibika

Fanya jaribio siku moja kabla, kwa programu ileile iliyo kwenye mwaliko, ukiwa na mtu wa kukuambia anachokiona.

Hawakusikii: gusa alama ya maikrofoni ndani ya programu kwanza. Halafu ruhusa ya maikrofoni kwenye Mipangilio. Halafu, kwenye Android 12 na kuendelea, telezesha paneli ya juu uone kama swichi ya kuzima maikrofoni ya simu nzima imeguswa; swichi hiyo hupita ruhusa zote na ni rahisi kuigusa bila kukusudia. Chomoa visikizi vya waya, zima Bluetooth: huenda sauti inaingilia kwenye kifaa kilicho chumba cha pili. Ondoa kava linaloziba tundu dogo la chini ya simu. Rekodi sauti kwa programu ya kurekodi. Ikitoka hafifu hata huko, ni kazi ya fundi. Usichokonoe tundu kwa pini, utatoboa maikrofoni.

Picha inaganda: sogea karibu na ruta, au tumia data ukiwa na alama nyingi za mtandao. Usaili wa saa moja wa video unaweza kula kuanzia megabaiti 500 hadi zaidi ya gigabaiti 1, kwa hiyo nunua bando mapema. Mambo yakizidi, omba kuzima kamera. Sauti safi bila picha inakusaidia zaidi kuliko uso ulioganda mdomo wazi.

Mwito unakatika dakika ya 40 kamili: mikutano ya akaunti za bure za Zoom hukatika hapo. Si kosa la simu yako. Ingia tena kwa kiungo kilekile, na kama hakifunguki mwandikie mwenyeji.

Umeingia, hakuna mtu: soma saa ya mwaliko pamoja na ukanda wake wa saa. Mwaliko ulioongezwa kwenye kalenda ya simu hujibadilisha wenyewe; uliosomwa kwenye maandishi ya barua haubadiliki.

Simama hapa simu ikipata moto hadi hushiki vizuri, au mgongo wake ukiwa umevimba. Ichomoe kwenye chaji, izime, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi. Omba usaili ufanyike kwa simu nyingine. Kabla ya kumwachia fundi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu.

Dalili ya 9: Ofa imekuja haraka mno

Kazi hukuiomba, mshahara ni mkubwa, usaili umefanyika kwa ujumbe mfupi, na sasa unatakiwa kulipia fomu, vipimo, mafunzo au sare. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu cha 7 unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Vighairi vipo, lakini haviji kwa WhatsApp usiku vikiwa na namba ya kutumia pesa.

Chunguza anwani ya barua pepe kwa kuigusa ifunguke yote, maana simu huonyesha jina tu. Tazama kilicho baada ya alama ya @. Herufi r na n zikikaa pamoja hufanana na m kwenye skrini ndogo, na jina la kampuni lililoongezwa kistari na neno "ajira" si lazima liwe la kampuni hiyo. Usibofye kiungo, andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni, tafuta ukurasa wao wa kazi, upige namba iliyopo pale.

Kataa mambo matatu bila mjadala. La kwanza, kutuma namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako. Hiyo ni funguo ya akaunti yako ya WhatsApp au ya benki. La pili, kusakinisha faili la APK ulilotumiwa, yaani programu ya Android isiyotoka kwenye duka la programu, au programu ya kudhibiti simu kwa mbali. La tatu, kuipa programu ya kazi ruhusa ya ufikivu, inayoiwezesha kusoma skrini na kubofya kwa niaba yako, au ya kusoma SMS. Programu ya kutafuta kazi haina haja na hizo.

Simama hapa kama umeshafanya mojawapo. Usijaribu kujadiliana na tapeli wala kutuma pesa nyingine ili urudishiwe ya kwanza.

Kama umesakinisha programu: washa hali ya ndege, ondoa ruhusa zake za ufikivu na za usimamizi wa kifaa, ifute. Isipofutika, washa simu kwenye hali salama, ambayo huwaka bila programu ulizoziongeza, ujaribu tena, au mpelekee fundi airudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Kwa simu nyingine, piga benki na kampuni ya pesa za simu wafunge akaunti, kisha badilisha nywila ukianzia na ya barua pepe. Kama ni WhatsApp iliyochukuliwa, isajili upya namba yako, aliyeingia atatolewa. Ukiingia tu, weka uthibitishaji wa hatua mbili. Kama ulituma picha ya kitambulisho, toa taarifa polisi upate namba ya taarifa, kwa sababu mkopo unaweza kuchukuliwa kwa jina lako miezi baadaye.

Mazungumzo usiyafute, hata kama yanakuumiza kuyaona. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na risiti za muamala, uzitume kwenye barua pepe yako kabla simu haijaguswa na fundi.